Kalamu Nyekundu

Saa kumi na moja alfajiri, Arua,
simu inatetemeka juu ya kopo la unga wa mtama
kama mende aliyelala chali.
Siipokei. Anayeniita hanitaki.

Juma lililopita nilisoma habari ya vyandarua:
mia nne na kumi, mali ya wodi ya wazazi,
vimeonekana ng'ambo ya mpaka vikifunika miche ya nyanya.
Nilitaja gari, nikataja tarehe, nikataja sahihi.
Hakuna aliyeniuliza habari za gari.

Waliuliza nililala na nani hadi nikaipata karatasi.
Wakauchukua uso wangu kwenye picha ya kitambulisho
wakaushonea kiwiliwili cha mwanamke nisiyemjua.
Nimemwaza sana huyo dada.
Ana kovu la kisu chini ya kitovu; alizaa kwa taabu, mahali fulani,
wala hajui kwamba sasa anaitwa mimi.

Mama alionyeshwa picha na jirani, baada ya ibada.
Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali.
"Huyu si wangu," akasema. "Wangu ana vidole vifupi."
Akarudi nyumbani, akapika, hakula.

Nina daftari.
Nilifunzwa kuuliza nani, nini, wapi, lini, kwa nini,
basi kila tusi naliandika kama habari.
Lini: saa tano na dakika kumi na mbili usiku.
Wapi: mkobani, kitandani, msalani nilikojifungia.
Nini: nitabakwa kwa zamu. Nitaokotwa Enyau, kichwa chini.
Nani: simba. Bendera. Duara la kijivu lisilo na macho.
Picha ya mtoto wa watu, anacheka, hana meno ya mbele.
Kwa nini: hapo nimeacha mstari wazi
na daftari linakaribia kwisha.

Afande alisoma kurasa mbili, akalirudisha taratibu.
"Dada, si uzime simu tu?"
Nikamwuliza, nawe ukitishiwa barabarani,
huwa unazima barabara?
Akaniandikia namba ya jalada kwenye kipande cha boksi la sigara.

Leo umeingia wa mia na thelathini na saba.
*Wewe malaya una zarau sana. Mungu atakuazibu.*

Zarau.
Atakuazibu.

Miaka mitatu nimeshiriki meza na mtu anayeandika hivyo.
Anguzu wa michezo, aliyenifunika kwa koti lake
siku mvua ya mawe ilipotoboa bati la studio;
Anguzu ambaye chaja yake ndiyo inayoifanya simu hii iishi.
Nilimfunza mwenyewe: ulimi uguse meno, Anguzu.
Dharau. Dhambi. Adhabu.
Akajaribu, mate yakarukia taarifa, tukacheka
mpaka fundi mitambo akagonga kioo.

Sikulia. Yaani, nililia baadaye, kwenye ngazi, kidogo.
Kwanza niliuchapa ujumbe kwenye karatasi safi
nikatoa kalamu nyekundu.
Dh, hapa. Dh, na hapa.
Neno malaya sikuligusa, tahajia yake haina kosa;
pembeni niliandika tu: *chanzo?*
Nikaiweka kwenye trei yake, juu ya matokeo ya mechi.

Alikuja na chapati mbili, moja yangu kama kawaida.
Akasoma amesimama.
Feni ya dari ilizunguka na ule mlio wake wa kuku.
Hakuniangalia. Aliiweka chapati mezani,
akaichukua tena, akaiweka tena.

Saa moja kamili taa ikawaka.
Nikasema, hii ni taarifa ya habari, msomaji ni Ayikoru.
Kwa Kilugbara ndani ya jina hilo mna furaha;
sikulitafsiri hewani.
Nikavuta pumzi. Vyandarua, mia nne na kumi.
Nikataja gari.

Mkobani, chini ya meza,
simu ikaanza.